Herufi za Kadi ya Harusi

Mirongo, Mwanza
Katikati ya mwezi wa kumi

Kwa Dada yangu Paskalia,

Shikamoo Dada. Naanza na shikamoo ingawa barua yako wewe haikuanza na kitu chochote. Natumaini miguu imepungua kuvimba, shemeji Didas ameacha kukohoa, na mahindi ya kule mlimani nguruwe pori hawajayamaliza. Mimi ni mzima, ukiondoa goti la kushoto na kichefuchefu. Kichefuchefu chenyewe si cha tumbo, ni cha mambo niliyoyaona, na ndicho kilichonikalisha chini niandike leo, maana mikono yangu imezoea brashi kuliko kalamu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule mama wa Mpanda anayeleta asali kwa treni. Mistari mitatu. "Kaspari, nimesikia umemwaibisha mwanangu mbele za watu na kazi amepoteza. Nilikukabidhi mtoto. Nijibu." Basi. Hakuna hujambo, hakuna nani kafa nani kazaa. Niliisoma mara saba nikidhani labda nimeruka mstari.

Sasa nakujibu, na nitaeleza lilivyokwenda bila kutia chumvi. Unanijua tangu utotoni, chumvi mimi natia kwenye mboga tu.

Kwanza uelewe hali ya mji. Tangu waturuhusu kila mtu auze anachotaka, Mwanza imekuwa mji wa vibao. Zamani nilipokuwa kwenye kinu cha pamba naandika alama za marobota, vibao ungeweza kuvihesabu: duka la ushirika, posta, baa mbili. Leo mtu ana cherehani moja ya kuazima, anataka kibao kikubwa kuliko nyumba. Saluni, duka la dawa, bucha, mitumba, shule ya udereva isiyo na gari. Na walipotupunguza kule kwenye kinu wenzangu walirudi makwao kulia, mimi nilinunua rangi. Ukitembea kutoka Mirongo mpaka stendi ya Nyamagana, katika kila vibao kumi, saba ni mkono wangu. Vile vitatu vilivyobaki utavijua, vinatia huruma.

Si kwamba najisifu. Kile kibao cha HATARI MAMBA pale kina mama wanapofulia, nyekundu juu ya nyeupe, herufi urefu wa mkono wa mtu mzima, ni changu. Tangu kisimame hajaliwa mtu. Wapo wanaosema ni kwa sababu watu walikiona wakaacha kuingia majini. Mimi nasema mamba mwenyewe alikiona akahama, maana mwezi uleule walimwona Ukerewe. Na kuna rubani wa ndege ndogo alinitafuta mtaa mzima kunishukuru. Siku hiyo kulikuwa na ukungu, ameupoteza uwanja, akaona kwa chini NYAMA SAFI niliyoiandika juu ya bati la bucha, akajua alipo. Alitaka kunipandisha ndege, nikakataa kwa sababu ya goti.

Kazi yangu ina sheria moja. Ukimaliza kibao unavuka barabara, unahesabu hatua arobaini, unageuka, unafumba macho nusu. Halafu unamsimamisha mpita njia asiyejua duka ni la nani. Awe mtu mzima, mwenye haraka, na kama ana hasira ni vizuri zaidi. Akisoma bila kukunja uso, unaosha brashi. Akikunja uso, unakwangua na kuanza upya, hata kama mwenye duka anakusifu. Mwenye duka sifa zake hazina kazi, yeye jina la duka lake analijua hata usingizini.

Hilo la mwisho lishike, maana ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mwanao Editha kazi nilimpatia mimi. Kuna mama mmoja wa Kisukuma, Mama Nyanjige, mjane, ana gesti ya vyumba tisa ufukweni, na mtumbwi wa mashine wa kuwapeleka wageni kuangalia ndege visiwani. Kibao chake cha barabarani niliandika mimi, nyeusi juu ya njano. Siku ninamalizia nikamwambia nina mpwa wangu amesomea kupiga chapa Tabora na kompyuta hapahapa Nyamagana, mtoto wa dada yangu wa damu, ana adabu na hasemi sana. Akamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, akimfaa anamwandikia barua ya ajira. Miezi miwili ilikwenda vizuri. Nilikuwa nikipita pale, Editha akiniona dirishani anatoka mpaka nje, anapiga goti kidogo, "Shikamoo Mjomba." Mbele ya wageni. Wafanyakazi wote pale walijua mimi ni nani.

Halafu akaja mtaalamu kutoka Dar. Kijana mwembamba, simu kiunoni, viatu vyenye ncha. Akamwambia Mama Nyanjige kwamba gesti isiyokuwa kwenye intaneti ni gesti iliyokufa.

Intaneti, Dada, nikueleze kama nilivyoelezwa. Ni kibao, isipokuwa hakikai barabarani, kinakaa ndani ya waya wa simu. Mzungu akiwa kwao anawasha kompyuta yake, anauliza habari za Mwanza, kibao kinamtokea kwenye kioo. Wanakiita ukurasa. Nilipoelewa nilifurahi sana. Nikasema hii ni kazi yangu ileile, hatua tu ndizo zimeongezeka.

Hakuna aliyeniuliza. Mtaalamu alikaa siku tatu, akamfundisha Editha jinsi ya kuuandika, akaenda zake kutembea mjini. Ukurasa akauandika Editha peke yake. Lakini hilo mimi sikulijua, na ninakuapia kwa kaburi la mama kwamba sikulijua.

Na rangi hakuzichagua yeye. Mama Nyanjige alifungua kabati, akatoa kadi ya harusi ya binti yake mkubwa, ile ya bluu ya mbingu, yenye herufi za dhahabu zilizolala ubavu na kujikunja mikia. Akasema, nataka hivi. Na huwezi kumlaumu kabisa, maana hapa kwetu kitu kizuri kilichochapwa ni kadi ya harusi. Mtu anaichomeka kwenye kioo cha kabati miaka kumi mpaka waliooana wameshaachana. Lakini, Dada, kadi ya harusi nani huisoma? Ukiipata mkononi umeshaambiwa kwa mdomo nani anaoa, wapi, na mchango wako umechelewa. Kadi ni ya kushika. Hakuna mtu hapa Mwanza aliyewahi kujua siku ya harusi kwa kusoma zile herufi.

Basi, Jumapili moja baada ya ibada tukaitwa kuuona ukurasa. Mama Nyanjige alipika pilau, kukawa na soda, mtendaji wa kata akapewa kiti cha mbele. Watu kama ishirini wamebanana katika ofisi ndogo, pazia zimefungwa ili kioo kionekane. Mtaalamu amesimama pembeni ya kompyuta amekunja mikono kama bwana harusi mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwandishi, ngoja nione mkono wake.

Dada, nimeona vibao vibaya maishani mwangu. Nimeona kibao cha daktari wa meno kilichoandikwa kwa damu ya ng'ombe. Lakini uchafu ule sijapata kuuona.

Chini bluu ya mbingu. Juu yake njano iliyopauka, ndiyo wanaiita dhahabu. Nyuma ya maneno wameweka picha ya ziwa, na mawimbi yake, kwa hiyo kila herufi imesimama juu ya wimbi na nusu yake imezama. Herufi zenyewe za kulala, za mikia, halafu zote kubwa, mikia imeshikana kama kambare kwenye ndoo. Pembeni mstari mwekundu juu ya bluu nzito, na hizo rangi mbili kila fundi anajua haziwekwi pamoja, zinapigana, ukizitazama zinatetemeka mpaka jicho linatoa machozi. Juu neno KARIBU la kijani linawaka na kuzima, linawaka na kuzima, kama taa ya baa ya Mirongo. Na chini kabisa kuna maneno yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto, ukitaka kusoma inabidi uyakimbize. Nilisikia pilau linapanda, na nilikuwa bado sijala.

Watu wakasema, mmh, mzuri. Wa kisasa. Mmoja akasema unafanana na Ulaya, na huyo kufika kwake mbali ni Shinyanga.

Ndipo Mama Nyanjige akasema kwamba kwa vile kibao cha nje niliandika mimi, niwasomee wageni ule upande wa Kiswahili. Wakanipisha mbele.

Nikatazama. Nikakaza macho. Nikaona N, au labda ni M, au labda ni wimbi. Nikaanza, "Nyu... nyumba..." nikakwama. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikarudi nyuma, nikamkanyaga mtu. Kikatoka kicheko kidogo nyuma, kile cha kubana mdomo.

Mtendaji akageuka kwenye kiti chake. Akauliza taratibu, kwa sauti ya kunionea huruma, "Fundi, kwani shule uliishia la ngapi?"

Wakacheka wote. Nilipata joto hapa shingoni. Nikamtazama yule kijana wa viatu vyenye ncha, nikasema, nikimnyooshea kidole:

"Aliyeandika uchafu huu hajawahi kushika hata kipande cha mkaa. Angekuwa kwangu ningemnyang'anya brashi nimpe jembe, arudi kwao akalime."

Mtaalamu alitazama dari. Mama Nyanjige ndiye aliyesema, na akasema polepole, kwa lafudhi yake ya Kisukuma, "Kasipali, aliyeandika ni mtoto wa dada yako."

Editha alikuwa mlangoni, ameshika trei ya soda. Aliiweka mezani, akapanga chupa zikae sawa, akasema samahani, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Mtu mwenye akili angemfuata. Mimi nilibaki kubishana. Nikasema hakuna mtu humu ndani anayeweza kuusoma. Mtendaji akasimama, akakohoa, akausoma wote kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na nusu ya muda alikuwa anatazama soda. Watu wakapiga makofi. Bila shaka alisoma, Dada, maana maneno yale alisaidia kuyatunga yeye. Wote mle ndani walikuwa wameshayasikia wiki nzima. Walikuwa wanakariri kama sala. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kilichoandikwa, mimi ndiye mpita njia. Lakini nani atakuelewa wakati huo? Niliondoka bila kugusa wali, na unajua wali mimi nauheshimu.

Hapa nikwambie neno ambalo sijamwambia mtu. Pale mbele ya kile kioo, kabla hasira haijaja, nilikuwa naogopa. Nilidhani ni mimi. Nilidhani macho yamekwisha, au lile darasa la nne limekwisha, limeishia palepale mbele za watu, na sasa vijana wana herufi zao ambazo mimi sizijui na sitazijua tena. Mwandika vibao asiyejua kusoma ni kitu gani? Ndipo nikatafuta mtu wa kumtupia. Hasira ile haikuwa ya rangi peke yake.

Siku nane Editha hakuonekana hapa. Ukurasa ulikuwa umeshapelekwa Dar ndani ya diski na kutundikwa huko wanakotundika. Siku ya tisa, asubuhi, niko kibandani nachanganya rangi, nikaona kivuli mlangoni. Editha. Ameshika karatasi.

Akasema, "Habari za kazi, Fundi."

Dada, mtoto huyu hajawahi kunipita bila shikamoo. Siku anaumwa surua, midomo imepasuka, alinipa shikamoo. Nikabaki na marahaba yangu mdomoni. Nikasema, "Nzuri."

Akaweka ile karatasi juu ya meza. Akaeleza, bila kunitazama, kwamba alitaka kuuchapa ukurasa auweke kwenye faili. Printa yao haina rangi, ina wino mweusi tu. Karatasi ilivyotoka ilikuwa kama uji wa ulezi umemwagwa na kupanguswa. Ilikuwa kijivu kutoka juu mpaka chini. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona vivuli vya mawimbi. Neno hakuna hata moja.

"Rangi zilikuwa zinatudanganya," akasema. "Ukiziondoa, maneno na chini yake ni kitu kimoja."

Mimi nimefanya kazi hii miaka yote hiyo na sijawahi kufikiria kuondoa rangi ili nione kama herufi zipo. Nafumba macho nusu, na sasa nimejua kwamba kufumba macho ndiko huko kuondoa rangi. Hilo amelijua mwanao kwa mashine, peke yake. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikaanza kumweleza kwamba hata siku ile ya kibao cha mamba...

"Usinieleze habari za mamba," akasema. "Nionyeshe wewe ungefanyaje."

Mama Nyanjige alikuwa amekwenda Kisesa msibani siku mbili. Nikafunga kibanda, nikaenda.

Tulikaa mbele ya ile kompyuta kutwa nzima. Herufi wanaziita fonti, na zimo humo ndani nyingi kama dagaa. Nyingine zina miiba, nyingine zinachuruzika damu, nyingine nadhani ziliandikwa na mlevi akiwa juu ya baiskeli. Nikauliza ni nani anayezitengeneza na kama hana shamba. Tukatafuta mpaka tukapata moja iliyosimama wima, tumbo wazi, haina mkia wala mapambo. Nikasema hiyo. Nikasema tuiandike yote kwa herufi kubwa, nene, nyeusi juu ya njano, kama barabarani.

Editha akakataa. Akasema kibao cha barabarani kina maneno matatu, huu ukurasa una maneno mengi, yakiwa makubwa yote ni kama mtu anayekupigia kelele toka asubuhi. Na kwenye kioo mwanga unatoka nyuma, njano tupu inachoma macho ukiitazama kwa muda. Akaweka nyeupe iliyopoa kidogo, rangi ya maziwa, na maneno meusi, madogo kwa kawaida, makubwa kwenye vichwa vya habari tu. Akatenganisha mistari ipumue. Nikafumba macho nusu. Nikafumbua. Nikakohoa, nikasema inaweza kufaa.

Tukaondoa mawimbi. Tukaondoa wekundu juu ya bluu. Lile KARIBU tukalizima. Nikasema taa ya baa ibaki baa, na nikaona pembe ya mdomo wake inasogea, lakini haikufika kwenye kicheko. Kutwa nzima aliniita Fundi. Fundi sogea, Fundi tazama hapa, Fundi shika karatasi hii. Kwa adabu kabisa. Bora angenitukana.

Kesho yake ikabaki kumpata mpita njia. Tukafungua pazia zote, saa sita mchana, jua linapiga kutoka ziwani mpaka kwenye kioo, maana nilisema mzungu naye ana dirisha kwao. Tukamwita Mama Tabu, mpishi. Kusoma alijifunza ukubwani kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, anafuata silabi kwa kidole, na kwa vile siku ile ya sherehe alikuwa jikoni na pilau, maneno yale hakuwahi kuyasikia. Tukamweka hatua tano nyuma.

Akaanza. "Nyu-mba ye-tu i-ko ka-ri-bu na zi-wa." Akaendelea. Hakukunja uso. Dada, nilikuwa kama ninayesikia kengele ya kanisa. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, anapanda nao kama mtu anayepanda ngazi. Akafika wa nne. "Ki-la chu-mba ki-na ma-ji ya mo-to u-si-ku na mcha-na."

Akausoma tena kimoyomoyo, kidole hewani.

"Chumba gani hicho?" akauliza.

Mimi na Editha tukatazamana.

"Maji ya moto hapa nachemsha mimi," akasema, "kwa sufuria, na kuni zenyewe mbichi. Nani kaandika hivi?"

Tukageuka mlangoni. Mama Nyanjige alikuwa amerudi kutoka msibani, bado ana kanga ya kujitanda. Sijui alisimama pale muda gani. Alitazama kioo, akatazama madirisha yalivyofunguliwa, akanitazama mimi. Halafu akasema kwa upole kabisa:

"Editha, rudisha zile za harusi."

Nilikuwa na maneno kama arobaini tayari mdomoni. Mwanao akanitangulia.

"Sirudishi, Mama," akasema. "Mgeni akifika akadai maji, anayesimama pale mapokezi ni mimi."

Mama Nyanjige akasema basi hakuna kazi hapa kwa mtu anayechagua. Editha akazima kompyuta jinsi inavyotakiwa kuzimwa, hatua kwa hatua, akachukua mkoba wake, akamuaga kila mtu, hata mimi, "Kwaheri Fundi," akaondoka. Bila shaka huyo mama wa asali alikutana naye siku hizo, ndiyo habari iliyokufikia.

Kwa hiyo hakufukuzwa kwa ajili yangu. Aliacha kazi mwenyewe, kwa kukataa kuandika kitu kisichosomeka ili uongo usionekane. Mimi umri huu wote nimeandika MAFUTA HALISI na MAZIWA FRESHI juu ya maduka ninayoyajua, na sijawahi kuweka brashi chini.

Siku ya tatu Mama Nyanjige akamtuma Mama Tabu kumwita. Mama Tabu alinisimulia alivyomkuta bosi wake ofisini peke yake, miwani ameivua, anausoma ule ukurasa mpya kwa sauti. Mama Nyanjige akamwambia kwamba ule wa kwanza hata yeye mwenyewe hakuwahi kuusoma. Alikuwa anauangalia tu kama kadi. Editha alirudi kwa sharti moja, na sasa ukurasa unasema hivi: maji ya moto yapo, kwa ndoo, ukiomba mapema. Barua ya ajira amepewa, imesainiwa, nimeiona kwa macho yangu kwa sababu Mama Tabu alinionyesha kwa siri. Wiki iliyopita wamekuja wazee wawili wa Kizungu, mke na mume, wameshuka tu kwenye gari wakauliza ndoo. Walikuwa wanacheka. Walikaa siku sita.

Nilidhani hapo yameisha. Nilimsaidia, kazi amepata, ukurasa unasomeka mpaka Ulaya, nini tena? Nilipita pale Jumatatu kujifanya nakagua kibao changu cha barabarani. Akanichungulia dirishani. Hakutoka. Nilipita tena jana. Alikuwa anawapokea wageni, akanipungia mkono, "Habari za kazi, Fundi." Wale wageni hawakujua kitu. Wafanyakazi wote walijua.

Nimeshaeleza siku ile nilimkusudia nani. Nimemweleza Mama Tabu, nimemweleza muuza rangi, nimeeleza mtaa mzima. Yeye sijamwambia. Nafika pale getini, mdomo unajaa habari nyingine. Mjomba mzima kusimama mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni na kumwambia nimekosa, hilo kwetu sijaliona likifanywa, na sijui linaanzwaje.

Ndiyo maana nakuandikia wewe mama yake. Najua ni ujinga. Kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa saa moja kwa miguu, hata kwa goti hili, na barua hii itapanda treni mpaka Tabora, ingoje nyingine ya Mpanda, itafutwe mtu wa kukuletea. Halafu yako irudi njia hiyohiyo mpaka ifike kwa mtu ambaye bati la ofisi yake naliona nikisimama juu ya jiwe nyuma ya kibanda changu. Lakini likitoka kwako atalipokea.

Nisalimie shemeji Didas, mwambie kifua akifunike. Wasalimie kaka yetu mkubwa na mkewe, nawakumbuka. Wasalimie wale watoto wa marehemu mdogo wetu, waambie waendelee na shule, wapite la nne. Mzee jirani anayetuchungia mbuzi msalimie, na katekista pia. Paroko mwombe aniweke kwenye misa bila kutaja sababu.

Kwa Editha usiandike mistari mitatu kama uliyoniandikia mimi. Mwandikie vizuri. Mwambie lile nililolisema juu ya zile rangi na zile herufi silirudishi, na yeye mwenyewe alilithibitisha kwa karatasi. Mwambie pia nilimsema mbele za watu kwa sababu ya hofu yangu mwenyewe, na alipotoka kwa mlango wa jikoni sikumfuata. Fundi alisema kweli. Aliyekosa ni mjomba.

Mimi mdogo wako,
Kaspari